Fangasi Waliojificha Nyuma ya Dawa: Kisa cha Mama Lishe wa Tanga

Mgonjwa anayezungumziwa hapa alikuwa na umri wa miaka 29, mama wa watoto wawili na mama lishe katika mji wa Tanga, na alifika kliniki ya ngozi akiwa na barua ya rufaa yenye maneno manne tu: "pumu ya ngozi sugu". Mambo yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa, na yeye mwenyewe aliridhia kisa chake kiandikwe, kwa sharti moja kwamba wanawake wenzake wa jikoni wakisome.

Kwa maelezo yake ya mwanzo, tatizo lilikuwa limemkaa kwa miezi minane. Lilianza kama duara dogo lenye ukubwa wa sarafu kiunoni, upande wa kulia, pale ukanda wa sketi na shanga vinapokutana, mahali ambapo hulowa jasho tangu alfajiri anapowasha jiko hadi alasiri anapoosha sufuria za mwisho. Duara lile liliwasha, hasa usiku. Baadaye likaenea kuelekea mgongoni, likashuka kwenye makalio na kinena, na mwishowe akaenda kwenye kituo kimoja cha afya ambako aliambiwa kwamba ana pumu ya ngozi, akapewa vidonge vya siku tano vya prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe. Akapata nafuu kubwa. Juma moja baada ya vidonge kwisha, mwasho ulirudi kwa nguvu ambayo hakuwahi kuiona.

Nilipomchunguza niliona eneo pana la ngozi iliyobadilika rangi, kahawia iliyokolea mahali pengine na kijivu mahali pengine, likiwa na vipele vidogo vilivyotawanyika bila mpangilio, vichache vikiwa na usaha kwenye ncha. Magamba yalikuwa machache mno. Hapakuwa na ukingo ulioinuka, wala kitovu kilichopona katikati, dalili mbili ambazo kila mwanafunzi hufundishwa kuzitafuta anaposhuku choa. Kwenye kinena na sehemu za ndani za mapaja kulikuwa na michirizi mipana ya zambarau, na ngozi iliyoizunguka ilikuwa nyembamba, inayong'aa, na mishipa midogo ikionekana kwa chini. Usoni, mashavu yalikuwa meupe kuliko shingo na yalijaa vipele vidogo vinavyofanana, ilhali vifundo vya vidole vya mikono vilikuwa vyeusi. Nilipouliza kuhusu uso, alijibu kwamba amebadilisha sabuni.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na nalieleza kwa urefu kwa sababu naamini hutendeka kila siku katika vyumba vingi vya matibabu. Nilimuuliza, "Mama, unatumia dawa gani?" Akanijibu kwa unyofu kabisa kwamba dawa zilikwisha mwezi uliopita, akimaanisha vile vidonge. Nikaandika kwenye faili kwamba kwa sasa hatumii dawa yoyote. Kwa watu wetu wengi dawa ni kitu kinachomezwa au kudungwa. Kile kinachopakwa huitwa krimu, mafuta, losheni au "ile ya tyubu", na mtu anaweza kukipaka asubuhi na jioni kwa mwaka mzima bila kudhani hata kidogo kwamba anatumia dawa. Swali sahihi katika kliniki ya ngozi ni "Unapaka nini?", nalo halina budi kufuatwa na mengine: mwilini unapaka nini, usoni unapaka nini, tyubu moja inakutosha kwa siku ngapi, na je, unayo hapo ulipo? Michirizi na wembamba wa ngozi vilikuwa vimeshaniambia jibu kabla ya kuuliza, lakini niliuliza kwa maneno yasiyomfikia.

Jibu lilipatikana kwa bahati. Binti yake wa miaka sita alikuwa ameketi mapajani mwake akijikuna kichwa, na mama, bila kusita katika mazungumzo yetu, alifungua mkoba, akatoa tyubu iliyokunjwakunjwa, akakamua kidogo kwenye kidole na kumpaka mtoto juu ya sikio, mahali ambapo nywele zilikuwa zimekatika na kuacha kiraka chenye magamba. Nikaomba kuiona. Ilikuwa krimu ya mchanganyiko wa dawa tatu: klobetasoli, neomaisini na mikonazoli.

Ninaitaja kwa viambato vyake na si kwa jina lake la biashara, kwa kuwa mchanganyiko wa aina hii huuzwa kwa majina mengi na kwa boksi za rangi nyingi, na mgonjwa akikatazwa jina moja huhamia jingine akiamini ametii. Mikonazoli huzuia fangasi. Neomaisini hupambana na baadhi ya bakteria, na yenyewe ni chanzo kinachojulikana cha mzio wa ngozi. Klobetasoli, kwa kiwango cha asilimia 0.05, ni miongoni mwa steroidi za kupaka zenye nguvu kuliko zote zilizopo. Maelekezo yake ya kawaida ni kutozidi wiki mbili mfululizo na gramu 50 kwa wiki, na haipakwi usoni, kinenani wala kwapani isipokuwa kwa sababu maalumu na chini ya uangalizi. Ni dawa nzuri inapotumika panapostahili. Mimi mwenyewe huwaandikia wagonjwa wenye soriasisi na wenye ngozi iliyogeuka nene kwa kukunwa kwa miaka.

Mgonjwa aliniuliza jambo ambalo wauzaji wa dawa pia huniuliza, nalo ni swali la haki: ikiwa ndani ya tyubu ile mna dawa ya fangasi, kwa nini fangasi hawakufa? Jibu linahitaji mtu aelewe fangasi hawa wanaishi wapi na mwasho unatoka wapi. Fangasi wa choa huishi katika tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokufa, na hula keratini, protini ngumu iliyomo humo. Wao wenyewe hawasababishi mwasho moja kwa moja kama siafu anavyouma. Mwasho, uvimbe na ule ukingo ulioinuka ni kazi ya kinga ya mwili inayojaribu kuwafukuza, na duara linapopanuka huku katikati pakipona, tunachokiona ni mstari wa mbele wa vita hivyo. Steroidi kali huwanyamazisha walinzi. Ndani ya siku mbili au tatu mwasho hukoma, mgonjwa hufurahi na kuacha kupaka, na mikonazoli, ambayo huhitaji wiki mbili hadi nne za kupakwa bila kukatiza, haijapata nafasi ya kumaliza kazi. Fangasi waliobaki hukuta ngozi isiyo na ulinzi na husambaa kimyakimya. Dawa ikiachwa, kinga huamka na kukuta adui amekwisha kuteka eneo kubwa mara tatu, mwasho huwa mkali kuliko wa mwanzo, na mgonjwa hukimbilia tyubu ileile kwa sababu ndiyo iliyompa usingizi.

Madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, walieleza hali hii mwaka 1968, na jina la Kilatini linalotumika hadi leo lina maana ya fangasi asiyetambulika. Jina hilo lina ukweli mwingi. Steroidi inapofuta ukingo, magamba na wekundu, hubaki madoa yanayoweza kufanana na pumu ya ngozi, na aliyeandika ile rufaa hakuwa mzembe. Kwenye ngozi nyeusi ugumu huongezeka, kwa kuwa uvimbe ambao vitabu vya Ulaya huuonyesha kwa rangi nyekundu, kwetu huonekana kahawia, zambarau au kijivu, na mtaalamu aliyejifunza kwa picha za ngozi nyeupe peke yake anaweza kupitisha jicho juu yake asiuone.

Niliomba historia upya, safari hii nikiwa nimeweka kalamu chini. Alisema aliuziwa tyubu ya kwanza katika duka la dawa la jirani baada ya kueleza kwamba "anawashwa", bila kuonyesha chochote, kwani duara lilikuwa mahali pa stara na muuzaji alikuwa kijana wa kiume. Tangu hapo alinunua tyubu ya gramu 30 karibu kila wiki. Miezi mitatu iliyopita rafiki yake alimwambia kwamba krimu ileile ikipakwa usoni hung'arisha, akaanza kuichanganya na losheni yake ya kawaida. Hakunitajia hayo mapema kwa sababu alikokwenda kwanza alikaripiwa kuhusu mkorogo mbele ya wagonjwa wengine, akaapa kutolitaja tena jambo hilo mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Sioni cha kumlaumu. Mgonjwa akikaripiwa hujifunza kuficha, na akishaficha hakuna kipimo cha maabara kitakachofidia alichokificha.

Gramu 30 kwa wiki ni zaidi kidogo ya gramu 4 kwa siku, nayo ilipakwa kinenani, ambako ngozi hunyonya dawa kwa wingi kuliko mgongoni au mkononi. Klobetasoli imeonekana kuweza kuzuia tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo zinazotengeneza steroidi za asili za mwili, hata kwa gramu 2 kwa siku. Kwa hiyo uchovu aliokuwa ameutaja mwanzoni, ambao mimi niliuhesabu kuwa uchovu wa mtu anayeamka saa tisa usiku kuchambua mchele, ulipata maana nyingine. Tulipima shinikizo la damu na sukari, vyote vikawa sawa, na kiwango cha kotisoli, homoni ya tezi hizo, cha saa mbili asubuhi kilikuwa chini kidogo ya kawaida. Tulimpima pia VVU kwa ridhaa yake, kwa kuwa fangasi walioenea kiasi hiki hutulazimu kuuliza kuhusu kinga ya mwili, na majibu yalikuwa hasi.

Uthibitisho wenyewe ulichukua chini ya nusu saa. Magamba yalikwanguliwa kwa ubapa wa kisu pembezoni mwa madoa, yakawekwa kwenye kioo na kudondoshewa potasiamu hidroksaidi, ambayo huyeyusha seli za ngozi na kuacha kuta za fangasi, kisha yakatazamwa kwa hadubini. Nyuzi za fangasi zilikuwa nyingi kupindukia, zimepindana uwanja mzima, nyingi kuliko tunazozoea kuziona katika choa cha kawaida. Nywele zilizokatika za binti nazo zilionyesha fangasi. Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu ni cha bei ndogo, hakihitaji umeme mwingi wala mashine ya kigeni, na ndicho tulichofundishwa kukifanya kwa mikono yetu wenyewe katika kile kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho tangu mwaka 1992 kimekuwa kikiwafundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Rufaa ya pumu ya ngozi isiyosikia dawa isingepaswa kuandikwa kabla magamba hayajakwanguliwa.

Matibabu yenyewe, kwa upande wa dawa, hayakuwa magumu. Kipimo cha mimba kilikuwa hasi na vimeng'enya vya ini vilikuwa katika kiwango cha kawaida, hivyo alianzishiwa terbinafini, dawa ya fangasi ya kumeza, miligramu 250 mara moja kwa siku. Kwa choa cha mwilini wiki mbili hadi nne hutosha mara nyingi. Kwake nilipanga sita kwa sababu ya ukubwa wa eneo na kinga ya ngozi iliyokuwa imelazwa kwa miezi mingi. Uso ulihitaji mpango wake, kwa kuwa vipele vile havikuwa chunusi wala fangasi bali madhara ya steroidi yenyewe, na kwa huo tulimpa doksisaiklini kwa wiki sita, mafuta mepesi yasiyo na manukato, na kofia pana ya kumkinga na jua awapo nje. Binti, mwenye kilo 19, alipewa griseofulvini kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kila kilo, yaani takriban vidonge vitatu vya miligramu 125 kwa siku, anywe baada ya chakula chenye mafuta au maziwa ili dawa inyonywe vizuri, kwa wiki nane. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa dawa ya kupaka peke yake, kwani fangasi huwa ndani ya shina la unywele ambako krimu haifiki. Wazazi wengi hukata tamaa kwa kutojua jambo hili moja.

Kilichokuwa kigumu ni kumwandaa kwa siku zinazofuata. Nilimweleza kwamba akiacha tyubu, hali itakuwa mbaya kabla ya kuwa nzuri, kwamba mwasho utazidi kwa wiki moja au mbili na uso utavimba na kuunguza, na kwamba hayo yakitokea si ishara kwamba dawa mpya imekataa. Nilimwandikia pia dalili za kumrudisha haraka: kizunguzungu akisimama, kutapika, udhaifu usio wa kawaida, kwa sababu ya tezi za adrenali ambazo zilikuwa zikiamka polepole. Yeye mwenyewe akaacha tyubu juu ya meza yangu. Sikumwomba.

Siku ya kumi alirudi analia. Mashavu yalikuwa yamevimba na kupasuka vipele upya, kiuno kilikuwa kinawaka, hakuwa amelala kwa usiku nne, na wateja wawili walikuwa wamehama meza yake wakidhani ana ugonjwa wa kuambukiza kwa chakula. Dada yake mkubwa alikuwa amemletea tyubu mpya nyumbani. "Daktari, wananiambia ulinipa sumu," alisema, "na mimi nimeanza kuwasadiki." Shinikizo lake la damu lilikuwa sawa, akiwa ameketi na akiwa amesimama. Nilikwangua tena magamba mbele yake na safari hii nikamwita atazame mwenyewe kwenye hadubini, nikamwonyesha nyuzi, ambazo zilikuwa zimepungua waziwazi na nyingine kukatikakatika. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama dada yake anaweza kuingia naye atazame. Nilimpa setirizini ya kupunguza mwasho ili aweze kulala na kitambaa cha maji baridi kwa uso, na hakuna zaidi ya hayo kilichobadilika katika matibabu.

Ninaamini siku hiyo ndiyo iliyoamua kisa hiki kuliko siku ya utambuzi. Ratiba ya kawaida ingemtaka arudi baada ya mwezi, na kwa mwezi mzima angekuwa peke yake na mwasho, na ushauri wa majirani, na tyubu ya dada yake. Kwa mgonjwa yeyote anayeachishwa steroidi kali, miadi ya kwanza inafaa iwe ndani ya wiki mbili, hata kama ni ya dakika tano.

Kufikia wiki ya nne mwasho wa mwilini ulikuwa umekwisha na uso umetulia. Wiki ya sita magamba yaliyokwanguliwa hayakuonyesha fangasi, na kotisoli ilikuwa imerudi katika kiwango cha kawaida. Yalibaki madoa meusi mahali pote palipokuwa na ugonjwa, nayo yalimtia wasiwasi akadhani bado anaumwa. Weusi huo ni rangi ambayo ngozi yetu huiacha baada ya uvimbe wowote, uwe wa fangasi, chunusi au kuumwa na mbu, na huchukua miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka, kufifia. Ni hapa ambapo wagonjwa wengi hurudi kwenye krimu kali, wakitibu kivuli cha ugonjwa uliokwisha ondoka, na kwa hiyo nilimwomba atumie ncha ya kidole badala ya macho: kama ngozi ni laini, haina magamba na haiwashi, imepona, hata ikiwa nyeusi. Kuhusu michirizi ya mapajani nilimwambia ukweli kwamba itafifia rangi lakini haitaondoka. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba heri kuambiwa.

Wiki ya kumi na moja alikuja bila miadi. Alikuwa na duara jipya kwenye paja la kushoto, ukubwa wa sarafu, ukingo umeinuka na una magamba, katikati pakiwa pameanza kusafika, kana kwamba limechorwa kwa ajili ya kufundishia. "Sijapaka kitu, daktari," alisema kabla sijauliza. Hadubini ilithibitisha. Kwa kuwa lilikuwa moja na dogo, nilimpa krimu ya terbinafini peke yake, isiyo na mchanganyiko, apake mara moja kwa siku kwa wiki mbili, avuke ukingo kwa upana wa vidole viwili.

Limetoka wapi? Fangasi wenye usugu kwa terbinafini wapo duniani, na aina iliyoenea India na kupewa jina lake mwaka 2020 imekwisha kuripotiwa pia katika nchi za Ghuba, kwa hiyo niliweka uwezekano huo akilini. Lakini kwanza niliuliza juu ya nyumbani. Taulo lilikuwa moja kwa wote. Mume wake, dereva wa lori anayerudi mara mbili kwa mwezi, alikuwa hajawahi kuonana nasi, na mama alisema kwamba miguu yake "inabanduka tu kidogo, kwa sababu ya viatu".

Nilimwomba aje naye safari itakayofuata. Mume alikuja Jumamosi moja, akavua viatu kwa kusitasita, na kati ya kidole cha nne na cha tano ngozi ilikuwa nyeupe na imelowa, nyayo zimepauka kwa magamba membamba mpaka kisigino. Nilipomuuliza anapaka nini, alimtazama mke wake kwanza, kisha akatia mkono mfukoni.